Kilomita Hazitoshi: Njia ya Chakula Segera na Vijiji vya Pembeni Yake



Nimeombwa nizungumzie katika mkutano huu umbali kati ya kaya na mahali pa kununulia chakula. Nimekubali, lakini nina ugomvi kidogo na neno "umbali" lenyewe kama linavyotumika kwenye fomu zetu za kuuliza kaya. Wamarekani wamelipigia hesabu jambo hili kwa miaka mingi. Wizara yao ya Kilimo huhesabu kuwa watu wa mashambani wako mbali na chakula pale wanapoishi zaidi ya maili 10, kama kilomita 16, kutoka duka kubwa la vyakula. Kileteni kipimo hicho hapa muone. Kama soko la Manundu pale Korogwe ni "duka", basi watu wengi wa Segera wako karibu na mpaka wa kipimo, na kwenye karatasi shida yao haionekani kubwa. Kama kinachotakiwa ni supamaketi, wote tumefeli, na Korogwe yenyewe imefeli. Hata hapo Dar es Salaam supamaketi kubwa zimekuja na kuondoka: Shoprite ilijiondoa mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka uliofuata, Nakumatt nayo haikudumu. Mama wa kijijini anayepika kila jioni hajui hata kama zilikuwapo.

Kipimo kile kilitungwa kwa mtu mwenye gari, mwenye friji, anayenunua chakula cha wiki nzima kwa mara moja. Kwetu swali ni jingine: unanunua kiasi gani kwa mara moja, mwezi gani, na nauli imekula kiasi gani kabla hujafika dukani?

Tuanze na barabarani. Segera ni njia panda ya barabara ya kutoka Chalinze, ya kwenda Tanga na ya kupanda Korogwe, Mombo hadi Moshi na Arusha. Hapa hupita kabichi, karoti na viazi vya Lushoto vikienda Dar es Salaam. Hupita vitunguu vya kaskazini na machungwa ya Muheza na ya hapa kwetu Handeni, mengine yakinunuliwa shambani na wafanyabiashara wa kutoka Kenya. Mtu akisimama njia panda hapo saa moja tu ataona chakula cha kutosha wilaya nzima kikimpita. Kinapita, ndiyo. Lori la kabichi halishushi Segera matenga matatu. Dereva ana mzigo wa mtu na saa ya kufika sokoni.

Kinachouzwa hapo barabarani kinamlenga msafiri: maji, soda, chipsi, nyama choma, machungwa yaliyokwisha kumenywa. Unga, maharage, mafuta ya kupima, dagaa na chumvi viko nyuma, kwenye maduka madogo ya mitaani, na ukiingia ndani zaidi ya lami maduka yanapungua na bidhaa zinabaki zile zisizooza. Ndiyo maana katika vijiji vya ndani utapata sabuni, biskuti na vocha ya simu miezi yote kumi na miwili, lakini nyanya za kiangazi hupati.

Sasa nauli. Niwape hesabu ya mfano tu, bei mtaweka zenu. Bodaboda kwenda na kurudi iwe shilingi 4,000. Mwenye fedha ananunua gunia la kilo 100: nauli imeongeza shilingi 40 kwa kila kilo, au zaidi kidogo akilipa ziada ya mzigo. Mwenye kibarua cha siku ananunua kilo 4: nauli imeongeza shilingi 1,000 kwa kila kilo. Barabara ni ile ile, kilomita ni zile zile, na pikipiki huenda ni ile ile. Kwa hiyo yule wa pili haendi. Ananunua duka la jirani, nusu kilo leo, robo kesho, mafuta kipimo kimoja, na kila anaponunua kidogo analipa bei ya juu kuliko mwenye gunia. Simlaumu mwenye duka. Naye amelipa nauli, naye anakopesha watu ambao baadhi yao hawatalipa hadi mavuno. Lakini tukubaliane kwamba maskini wa kijiji cha ndani ananunua unga ghali kuliko mtumishi wa serikali pale mjini.

Tukiongeza na kalenda, picha inakuwa mbaya zaidi. Mvua zetu ni mbili, vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei, na vuli ya Handeni si ya kutegemea. Mahindi ya masika yanapovunwa kila mtu anauza, kwa sababu kila mtu ana deni, sare za shule na mchango fulani wa kulipa. Wanunuzi wanakuja hadi mlangoni, debe linapimwa kwa kilima. Vuli ikishindwa, kuanzia Januari mkulima yule yule anageuka mnunuzi, na mahindi yanarudi kijijini kwa lori, yakiwa yamebeba gharama ya usafiri wa kwenda na ya kurudi. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha tatizo letu: chakula kinatoka kijijini kwa bei ya chini na kurudi kwa bei ya juu, na kati ya safari hizo mbili hakuna mahali palipokihifadhi.

Njaa, na swali la nani anahifadhi chakula, si mambo mapya hapa Uzigua, nchi ya Wazigua. Katika njaa ya miaka ya 1830, watu wa Uzigua waliingia utumwani na kusafirishwa kupitia Zanzibar hadi Somalia. Baadhi ya vizazi vyao vilirudi wakati wa vita vya Somalia, na makazi ya Chogo, hapa wilayani Handeni, yalitengwa kwa ajili yao. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu eneo hili, anaonyesha kwamba kabla ya ukoloni wakubwa wa jamii waliweka akiba ya nafaka na kuwasaidia watu wao wakati wa shida, na kwamba utawala wa kikoloni uliuvunja mpango huo bila kuweka wa kutosha mahali pake. Siwatamani wale wakubwa; msaada wao ulikuwa na kamba shingoni. Lakini ghala lilikuwa karibu na chungu.

Upande wa Korogwe hali ilikuwa tofauti. Kwenye mashamba ya mkonge, manamba walioletwa kutoka mbali, wengi kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua iliyoundwa mwaka 1944, walipewa posho ya unga. Mwajiri ndiye aliyesogeza chakula hadi kambini. Mkonge ulipoanguka, posho ilikwisha lakini watu walibaki, wengine bila ardhi ya kutosha.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kulibeba yenyewe jukumu la kufikisha chakula kijijini. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kujaa vijiji vya ujamaa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na duka la kijiji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Duka la mtu likafungwa kabla la kijiji halijapata mtaji wala usafiri, na operesheni ilibidi ipunguzwe kasi. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaikumbuka foleni ya unga wa njano, ule uliobatizwa "Yanga". Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 bidhaa zilirudi madukani, na tangu hapo hatukujiuliza tena nani anafikisha unga kijiji cha mwisho. Tuliona soko litajua.

Soko linajua kijiji chenye lami. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54, zilipowekwa lami zilisaidia kweli, nami sitazibeza. Ila barabara za vumbi zinazoziingilia hufungwa na mvua za masika, wakati ule ule ambapo ghala la kaya ni tupu na mahindi mapya bado ni mabichi.

Niseme pia kuhusu mashine ya kusaga, ambayo fomu zetu hazina kisanduku chake. Mwenye mahindi ndani hana chakula kama mashine iko mbali au imeharibika. Mwanamke anayebeba debe kichwani kwenda mashineni na kurudi amesafiri umbali wa chakula sawasawa na anayekwenda dukani. Wapo wanaorudia bada la muhogo, si kwa kuwa wanalipenda zaidi, ila muhogo mkavu unatwangika nyumbani.

Na lishe? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa. Machungwa yanaoza chini ya miti msimu wa mavuno na mtoto wa nyumba hiyo anakula ugali na mboga ile ile siku saba. Tatizo hilo duka pekee haliliponyi, kwa hiyo sitalirefusha hapa.

Ninapendekeza nini? La kwanza ni la makaratasi. Segera iko Handeni lakini wengi wananunua mahitaji Korogwe. Halmashauri zikae pamoja na kuuliza maswali yanayofanana: kaya ilinunua unga kiasi gani mara ya mwisho, ililipa nauli kiasi gani, na mashine ya kusaga iko mwendo wa muda gani. Maswali hayo yaulizwe Februari, si Agosti wakati kila mtu ana mahindi.

La pili ni ghala la kijiji linalonunua mahindi ya wanakijiji wakati wa mavuno na kuwauzia wenyewe wakati wa upungufu kwa bei iliyokubaliwa mkutanoni, hata kwa kilo moja moja. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ni wa kutuokoa nchi ikikaukiwa; hauwezi kumfuata mtu mmoja na kilo zake mbili. Mahindi yakaushwe vizuri, kwa sababu sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mifuko ya tabaka tatu inapatikana siku hizi.

Najua mtakachoniuliza, maana nimekisikia kila nilipolitaja ghala: ufunguo atakaa nao nani? Vijiji vyetu vimeona maduka ya ushirika yakiliwa na wenyeviti. Pendekezo langu ni kufuli tatu na funguo tatu, mmoja kwa mtendaji, mmoja kwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, mmoja kwa mzee atakayechaguliwa na mkutano mkuu, na daftari la ghala libandikwe ukutani kila mwezi. Huenda haitoshi. Kikundi kitakachojadili ghala mchana huu kianzie hapo.