Ngoma Iliyokataa Kufungiwa

Ndugu msikilizaji, kila mwishoni mwa Agosti picha za karnivali ya Notting Hill, jijini London, huenea duniani: manyoya ya kila rangi, vipaza sauti vikubwa kama makabati, na umati uliofurika barabarani. Wengi huzitazama wakasema, "Hawa watu wa Karibi wanapenda starehe." Wengine husema vibaya zaidi: kwamba ni fujo na ukosefu wa haya. Leo naomba twende pamoja mpaka kisiwa cha Trinidad, ilikotoka ngoma hiyo, kwa maana anayetaka kuihukumu ngoma sharti kwanza ajue iliwakuta wachezaji katika hali gani.

Mwaka 1783 Wahispania, waliokuwa wakikitawala kisiwa hicho, waliwafungulia mlango walowezi Wakatoliki, na wengi waliokuja walikuwa Wafaransa. Walikuja na watumwa wao Waafrika, na wakaja pia na desturi ya kusherehekea siku za kabla ya Kwaresima kwa karamu na dansi za vinyago. Mtumwa hakuwa na nafasi katika dansi hizo. Lakini mabwana walipenda mzaha mmoja: wao wenyewe walijivika matambara ya watumwa wa mashambani na kuwaigiza. Hasa waliigiza usiku wa moto, pale shamba la miwa liliposhika moto na watumwa wakaswagwa kwa mijeledi, mienge mikononi, kwenda kuokoa miwa kabla haijaharibika.

Sheria ya kufuta utumwa ilianza kutumika mwaka 1834. Hata hivyo watu walibanwa miaka minne zaidi katika kile kilichoitwa uanagenzi, mpaka 1838 walipopata uhuru kamili. Walipokuwa huru walifanya nini? Waliingia barabarani na mienge yao, na ngoma zao, na fimbo zao, wakaigiza wenyewe usiku ule wa moto. Wakaiita sherehe hiyo Canboulay, yaani miwa iliyoungua. Na mzaha nao ukageuziwa waliouanzisha: mwanamume akavaa gauni la bibi wa shamba, akajitia matako makubwa ya matambara, akatembea kwa madaha huku watu wakivunjika mbavu. Aliyechekwa jana alikuwa sasa ndiye mchekaji.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza haikupendezwa. Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Arthur Baker, aliwatoa askari wake mjini Port of Spain kuizima Canboulay, na wananchi wakapambana nao kwa fimbo na mawe. Mwaka 1884 ikaja sheria iliyopiga marufuku ngoma, mienge na makundi ya wenye fimbo. Basi watu wakakata mianzi, vipande virefu na vifupi, wakaigonga chini ikatoa mdundo. Baadaye, katika miaka ya 1930, wakaingia jalalani wakaokota makopo na madebe. Mwishowe wakachukua mapipa ya mafuta, wakayafua kwa nyundo mpaka kila pipa likaweza kutoa sauti za nyimbo kamili. Ndivyo lilivyozaliwa pani, ngoma ya chuma.

Mwanzoni wapiga pani walihesabiwa kuwa wahuni, na wazazi wenye heshima zao waliwakataza watoto wasisogelee nyua zao. Lakini mwaka 1951 bendi yao moja ilipelekwa London kupiga katika tamasha la taifa la Waingereza, na mwaka 1992 pani ikatangazwa kuwa ala ya taifa ya Trinidad na Tobago. Jalala limeingia ikulu, ndugu msikilizaji.

Na Notting Hill je? Mwaka 1958 vijana wa Kizungu walizishambulia nyumba za wahamiaji wa Karibi mtaani hapo. Mama mmoja mzaliwa wa Trinidad, Claudia Jones, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Wakaribi jijini London, akawajibu kwa karnivali. Aliifanya ndani ya ukumbi wa St Pancras, Januari 1959, maana ilikuwa majira ya baridi. Mwaka 1966, katika tamasha la mtaa lililoandaliwa na Rhaune Laslett, wapiga pani wa Russell Henderson walitoka na ala zao wakaanza kutembea, na watu wakawafuata. Mtaa ambao watu weusi walikuwa wakifukuzwa ukawa mtaa wanaocheza.

Siku hizi zimesikika sauti zinazotaka karnivali hiyo ihamishiwe kwenye bustani yenye uzio. Hoja zao si za kupuuzwa. Mwaka 2024 watu wawili walishambuliwa wakati wa karnivali hiyo na baadaye wakafariki, na msongamano wenyewe unatisha. Usalama lazima uimarishwe. Lakini mimi nasema, kuiondoa barabarani ni kuwanyang'anya watu kile walichokipigania tangu 1881. Manyoya hununuliwa popote. Ruhusa ya kupita katikati ya mji ukiwa kichwa juu, hiyo ndiyo waliyoirithi.

Wala hatari haitoki nje tu. Huko Port of Spain kwenyewe, makundi makubwa huzungushiwa kamba, na ndani huingia aliyelipia vazi la gharama kubwa. Wajukuu wa waliofungiwa nje ya dansi za mabwana wanasimama tena pembeni, safari hii kwa ajili ya bei. Wenye karnivali yao wasipoangalia, kamba itafanya kazi ambayo Kapteni Baker aliishindwa.

Kwa wale wanaodai kwamba hiyo ni starehe tupu, nina jambo moja. Juni 2017 jengo la Grenfell, karibu na Notting Hill, liliteketea na watu 72 wakapoteza maisha. Katika karnivali za miaka iliyofuata, saa 9 alasiri muziki wote umekuwa ukisimamishwa kwa sekunde 72. Maelfu ya watu waliovaa manyoya husimama kimya barabarani, wakiwaombolezea jirani zao. Wahuni hawafanyi hivyo.

Tukijaliwa, tuonane tena wiki ijayo.