Kuchagua Bunduki ya Kwanza kwa Fedha Chache



Leo twaenda Kintinku, kituo cha Reli ya Kati katika wilaya ya Manyoni. Msafiri atokaye Dodoma, akiisha kupita Bahi, huona nchi tambarare kama mkeka, na mbele yake ukingo wa Bonde la Ufa umesimama kama ukuta. Kintinku iko chini ya ukuta huo, na juu yake ni Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wadachi zamani. Wenyeji hasa ni Wagogo, watu wa ng'ombe na mtama, na mtama ukianza kukomaa mkulima hulala jicho moja wazi, kwa kuwa nguruwe mwitu na nungunungu hawangoji kukaribishwa.

Mtu aliyekesha hivyo miaka miwili mitatu huanza kuwaza bunduki. Huuza ng'ombe, akafunga fedha yake katika kitambaa, kisha akauliza: "Kwa fedha hizi ninunue bunduki gani?" Sisi twaliheshimu swali hilo, kwa sababu ng'ombe aliyeuzwa harudi zizini. Lakini twaona limeanzia mwisho. Kuna maswali mengine yaliyo mbele yake, na anayeyaruka huishia kuwa na chuma kizuri ukutani na shamba lililoliwa.

La kwanza ni la Serikali, nalo tutalisema upesi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuwa na bunduki pasipo leseni, na maombi yake hupitia polisi. Basi asiye na leseni asitoe hata arubuni. Tena leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009, na mtu aliyelazimika kumwua mnyama kwa kulinda maisha yake au mali yake hana budi kupeleka habari kwa wakuu bila kukawia. Pembe, meno na ngozi si vyake. Wako wanaokasirika wakisikia hayo, lakini afadhali wakasirike leo kuliko kukasirika mahabusu.

Sasa tutazame silaha yenyewe. Gobori mwalijua: baruti humiminwa kinywani na kushindiliwa kwa mdeki. Bunduki ya marisawa hutupa punje nyingi kwa mara moja, nayo yafaa kwa kanga, na kwa mnyama aliye hatua thelathini au arobaini. Ya tatu, ambayo ndiyo maneno yetu ya leo, ni ile ambayo ndani ya mtutu wake imechongwa mifuo ya kuzunguka, ili risasi itoke ikizunguka kama pia na kushika njia yake mbali. Chakula cha bunduki hii ni ganda la shaba ya manjano lenye baruti, risasi mdomoni, na fataki katikati ya kitako chake. Wazee waliita kitu hicho kiasi, na wingi wake viasi, nasi twalipenda jina hilo, maana baruti yake imekwisha kupimwa kiwandani wala mtu hakisii kwa kiganja. Viko na viasi vyembamba vya milimita 5.6 ambavyo fataki yao imeenea ukingoni, lakini hivyo ni vya ndege na sungura, si vya nguruwe mwenye ngozi nene na hasira.

Mwenye fedha chache na achague kiasi kwanza, ndipo achague bunduki. Bunduki hununuliwa mara moja, viasi hununuliwa maisha yote.

Nchi hii iliona jambo hilo kwa macho. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wadachi walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na baruti nyeusi. Zilikuwa imara sana, lakini kila zilipolia zilitoa wingu la moshi, na adui akajua pa kulenga. Novemba mwaka huo walipowashinda Waingereza huko Tanga, walipata bunduki za kisasa kwa mamia, na pamoja nazo viasi kwa malaki. Twaomba mwangalie hilo la pili, kwa kuwa bunduki hizo bila viasi vyake zingekuwa marungu tu. Aprili 1915 meli iliyoleta silaha kwa siri ilifikia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Waingereza na kuzama. Wadachi walihangaika kuopoa viasi majini, wakavifungua na kuvikausha, na hata hivyo vingi vilikataa kulia. Ikiwa jeshi zima lilipata shida hiyo, mkulima mmoja atafanyaje akinunua kwa bei ya kutupa bunduki ambayo viasi vyake havijaonekana dukani miaka kumi?

Kwa hiyo, kabla ya kutazama bunduki yo yote, nenda kwa muuza silaha mwenye ruhusa umwulize viasi gani alikuwa navyo mwaka jana, vipi anavyo sasa, na vipi huagizwa mpaka mtu akachoka kungoja. Vilivyozoeleka ulimwenguni si vingi. Kiasi cha inchi .303 kilikuwa cha jeshi la Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19. Cha .30-06 kilikuwa cha Wamarekani tangu 1906, na cha .308 kilitokea 1952. Wadachi walikuwa na cha milimita 7.92. Vyote hivi vyatosha kwa nguruwe na kwa mnyama mkubwa kuliko nguruwe, wala havipigi bega kupita kiasi. Lakini hicho cha Wadachi kina mtego. Zamani risasi yake ilikuwa nyembamba kidogo, kisha mwaka 1905 jeshi lao lilifanya risasi nene zaidi, kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Kiasi kipya katika mtutu wa kale chaweza kuupasua. Bunduki ya kale ya namna hiyo isipigwe kamwe kabla fundi hajaupima mtutu wake.

Mambo ya fedha chache si mapya. Hapo mwanzo wa karne ya 20 walowezi wa Kijerumani katika makoloni yao ya Afrika hawakuwa wote matajiri. Waingereza wakubwa waliwinda kwa bunduki za mitutu miwili, zilizotengenezwa kwa mkono na kwa bei ya kutisha. Fundi mmoja wa Berlin, Otto Bock, aliwafikiria wakulima hao. Mwaka 1905 alitoa kiasi cha milimita 9.3, chenye nguvu kwa wanyama wakubwa, lakini akakipima urefu ili kiingie sawasawa katika mtambo wa kawaida wa Mauser, ule ule wa bunduki za jeshi. Hakubuni mtambo mpya wala hakutia nakshi. Mkulima akapata nguvu karibu na ile ya tajiri kwa sehemu ndogo ya bei. Twamsifu Bock kwa sababu alijua mahali pa kuokoa fedha: aliokoa katika mapambo na katika mtambo, hakuokoa katika nguvu wala katika usalama.

Hapo twataka kumjibu mtu asemaye, "Basi nami ninunue kubwa, nimpige hata tembo." La. Nchi nyingi za Afrika zimeweka inchi .375 kuwa kipimo cha chini kwa nyati na tembo, na bunduki ya kipimo hicho ni ghali, viasi vyake ni ghali, na kipigo chake humfundisha mwanafunzi kufumba macho kabla haijalia. Yuko Mskoti aliyeitwa Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, naye aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kiasi chembamba cha milimita 7. Watu husimulia habari hiyo kama kwamba siri ilikuwa katika bunduki. Siri ni kwamba Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Mkulima wa Kintinku tembo wakimjia na awaite askari wa wanyamapori. Mpaka wafike kuna moshi wa pilipili, na mizinga ya nyuki iliyotungikwa kwenye waya kuzunguka shamba, ambayo tembo huiogopa kweli. Manyoni ni nchi ya asali, hivyo mizinga hiyo itamlipa hata tembo wasipokuja.

Lakini jambo linalotutia hofu zaidi kuliko tembo ni utambarare wa nchi yenyewe. Risasi ya .303 isiyopata kizuizi yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Simama Kintinku penye shamba lako utazame kilomita 3 kila upande: utaona reli, barabara, kisima chenye kina mama, watoto nyuma ya ng'ombe, na tembe la jirani ambalo jioni ni rangi moja na ardhi. Nguruwe naye huja usiku. Mtu aliyelenga kivuli akakosa, hajakosa kitu. Amepiga kitu asichokijua. Kwa sababu hiyo, ikiwa shamba lako liko katikati ya makao ya watu, na mnyama wako ni wa hatua thelathini, twakushauri uache bunduki ya mifuo kabisa, ununue ya marisawa yenye punje nene, ambazo huchoka mapema. Twajua kwamba wengi wataona aibu, kwa kuwa ile nyingine ina jina kubwa. Shauri letu ni hilo hilo.

Aliye mbali na watu, aliyekwisha kupata leseni na kujua viasi vyake, ndiye aende kutazama bunduki. Iliyotumika si mbaya. Mtambo wa komeo, ule unaoinuliwa na kuvutwa nyuma kwa mkono, huishi kuliko mwenyewe. Hakikisha kwanza kwamba haina kiasi ndani. Kisha ondoa komeo, elekeza mtutu penye mwanga, utazame ndani kwa upande wa nyuma: mifuo iwe na kingo kali na mng'ao. Ukiona madoa meusi kama ndui, mwenyewe wa kwanza alikuwa mvivu. Viasi vya kale vya jeshi vina fataki inayoacha chumvi mtutuni, na chumvi huvuta maji, maji huleta kutu. Dawa yake ni maji ya moto yaliyomiminwa siku ile ile, kisha kukausha na kupaka mafuta. Tazama pia mdomo wa mtutu, maana mdeki ulioingizwa ovyo huula upande mmoja, na risasi ikatoka imepotoka. Namba ya chuma ilingane na namba ya hati. Mwisho mpe fundi wa silaha apime kama komeo lashika kiasi barabara. Ujira wake ni mdogo kuliko gharama ya jicho.

Fedha zako zote zisiishie katika bunduki. Tenga sehemu kwa kasha la chuma lenye kufuli, na nyingine kwa viasi vya kujifunzia. Uliza polisi mahali panaporuhusiwa kulenga shabaha, penye kingo ya udongo mnene nyuma yake. Anza hatua hamsini, umekaa chini, kitako kimebana bega, ukipiga viasi vitano polepole. Kisha toa vyote, acha komeo wazi, uende kwa miguu ukatazame matundu. Yakiwa yamekusanyika mahali pamoja, hata kama ni kando ya shabaha, bunduki yako ni njema na alama za kulengea zitasahihishwa. Yakiwa yametawanyika, mpe mwenzako anayejua naye apige vitano. Zake zikikusanyika, usiirudishe dukani.