Kulisoma Neno Mpaka Lifike Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya wainjilisti, viongozi wa akina mama na wenyeviti wa vikundi kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo)



 Tunawashukuru ninyi nyote mlioacha maharage shambani mkaja, na hasa ndugu zetu wa Biharamulo ambao barabara iliwachelewesha hadi usiku.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kuikuza imani ya kila siku kwa kulitafakari Neno. Tungeweza kuanza kwa kueleza faida za kusoma Biblia, lakini ninyi ndio mnaowafundisha watu faida hizo kila Jumapili. Badala yake tutaanza na kosa letu sisi wa ofisi ya mradi, maana ndilo lililotufundisha.

Tulikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa huku Ngara, kwenye vilima vya Bugufi, mahali ambapo migomba ya jirani na jirani inagusana na kila hatua moja ya ardhi ina mwenyewe. Ratiba yetu ilikuwa ya kawaida: nusu saa ya Neno, kisha hesabu za kikundi. Siku hiyo Neno nalo lilikuwa kitabu cha Hesabu, sura ya 27, habari za binti watano wa Selofehadi. Mnaijua habari hiyo. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Wakaenda wenyewe mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwajibu kwa akili yake. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wanasema haki. Tulisoma, tukaeleza, akina mama wakapiga vigelegele. Tukaona somo limeeleweka.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa akasimama na Biblia yake. Akasema, mmetusomea sura moja, sasa fungueni ya 36. Akaisoma mwenyewe kwa sauti, taratibu, kama mtu aliyeizoea. Humo wakuu wa ukoo wa Gileadi wanalalamika kwamba binti hao wakiolewa na kabila jingine, ardhi itaondoka pamoja nao. Na Musa anaagiza waolewe ndani ya kabila la baba yao. Mzee akafunga kitabu akasema, basi hata Mungu hataki ardhi itoke ukooni.

Kimya kikatanda. Sisi tulifanya nini? Tulisema swali ni zuri, tutalirudia siku nyingine. Tukaomba, tukaingia kwenye hesabu za hisa na mikopo. Mjane mmoja aliyekaa karibu na mlango alilipa hisa yake akaondoka kabla hatujamaliza. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba yule mzee ni shemeji yake, na kwamba tangu mume afariki, kila msimu wa kupanda mpaka wa shamba lake umekuwa ukisogea hatua chache. Kwa hiyo watu wote mle ndani walijua tunazungumza juu ya nini, isipokuwa sisi tuliokuwa tunafundisha.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipotambua jinsi tulivyozoea kusoma. Sisi wa wilaya hizi tumekuwa watu wa semina. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco, na kwa miaka iliyofuata Ngara ilijaa malori, mashirika na mafunzo. Mema mengi yalifanyika na maisha ya watu yaliokolewa. Lakini tulibaki na desturi moja: jambo la maana huletwa na gari, hufundishwa siku tatu, husainiwa mahudhurio, kisha gari huondoka. (Habari ya posho tutaiacha, mnaifahamu kuliko sisi.) Neno la Mungu nalo tukalisoma hivyo hivyo, kwa kupita. Ripoti zetu zilionyesha masomo mangapi yamefundishwa, wala hazikuwa na mahali pa kuandika kwamba mjane aliondoka mapema.

Wazee wetu wa Uamsho hawakuwa hivyo. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Kagera, ulikuwa na udhaifu wake, na wengine humu mnakumbuka ugomvi uliotokana nao. Lakini mtu aliyeguswa alionekana kwa kurudisha jembe aliloiba. Jirani wasiosali waliweza kuliona jembe hilo.

Basi tulirudi ofisini tukasoma upya, jioni kadhaa, tukiwa na sura ya 36 mbele yetu. Hatutaki kuilainisha sura hiyo. Inawaambia wasichana waolewe na nani, na jambo hilo linatulemea hata leo. Hata hivyo tuligundua kwamba tulikuwa tumeisikia kwa masikio ya yule mzee tu. Wakuu wa Gileadi wana hofu, na hofu yao inasikilizwa. Lakini katika sura nzima hakuna hata mmoja anayeomba binti hao wanyang'anywe. Ardhi inabaki mikononi mwao. Sura ya 36 inapanga namna ya kuishi na haki iliyotolewa katika sura ya 27, haiifuti.

Tena tukaona jambo ambalo hatukuwahi kulihubiri. Habari haiishii hapo. Iko katika Yoshua 17, mistari miwili tu, wa tatu na wa nne. Musa amekwisha kufa. Nchi inagawanywa. Na binti wale wale, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanalazimika kwenda tena mbele ya Eleazari na Yoshua kuwakumbusha kile ambacho Bwana aliagiza. Ndipo wanapewa. Agizo lilikuwa limetoka zamani, lakini shamba lilikuwa bado.

Tuliporudi kwenye kikundi hatukufundisha. Tuliomba msamaha kwa kulikimbia swali. Kisha sehemu zote tatu zikasomwa kwa Kiswahili, polepole, mara mbili, na baada ya hapo tukaomba mtu asimulie kwa Kihangaza bila kitabu. Aliyesimama ni bibi mmoja asiyejua kusoma. Alisimulia vizuri kuliko wachungaji wengi, nasi tulimsikiliza kama watoto. Alipofika mahali Musa anapokufa akanyamaza, akatutazama, akauliza: sasa aliyesikia agizo amekufa, nani atakumbuka?

Yule mjane ndiye aliyejibu. Alisema, majirani waliokuwepo siku mpaka unapandwa ndio wanaokumbuka. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakumtaja mtu. Mzee akatoka nje.

Tunawaeleza haya ili muone kwamba kutafakari si kutafuta maneno mazuri ya kuongezea kwenye andiko. Mwaka 1539 Martin Luther aliandika kwamba mambo matatu humfanya mtu awe mwanafunzi wa kweli wa Maandiko: sala, kutafakari, na kujaribiwa. Wengi wetu tunaishia kwenye mawili ya kwanza. La tatu hatulichagui. Linakuja lenyewe pale Neno linapogusa kitu tusichotaka kukiachia. Na watoto wetu wa kipaimara wanajifunza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kwenye amri ya tisa, kwamba tusiutafute urithi wa jirani kwa hila, wala kuuchukua huku tukijionyesha kana kwamba tuna haki. Hebu fikirini, ni wangapi kati yetu tuliikariri mbele ya usharika mzima tukapigiwa makofi, kisha tukaenda kula pilau!

Wengine mtasema haya ni mambo ya sheria, si ya imani. Sheria nayo ipo na ni vyema mwinjilisti aijue. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, kupitia kwa Jaji Mwalusanya, iliamua kesi iliyotoka mkoa wetu huu wa Kagera. Mwanamke alirithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza nje ya ukoo; mpwa wake akapinga, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kurithi na kutumia lakini si kuuza. Jaji alisema ubaguzi huo haupatani na Katiba, naye mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Ukoo ukaachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei. Mnasikia hofu ya Gileadi humo? Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Lakini mjane wetu aliishi chini ya sheria hiyo, na mpaka ulisogea vile vile. Binti wa Selofehadi wangemwelewa.

Sasa tahadhari, kwa sababu tunajua mnarudi kwenye mitaa yenu na mnaweza kuanza kesho. Msikigeuze kikundi cha Biblia kuwa mahakama. Mtu asitajwe jina. Mjane asisukumwe kusema. Yeye ndiye atakayelala nyumba ya pili kutoka kwa shemeji yake, si sisi. Andiko likianza kutumiwa kama fimbo ya kumpigia jirani, simamisheni, msome tena. Na msiharakishe. Huko Biharamulo kikundi chenye wakulima na wafugaji kilikaa na Mwanzo 13 pekee, ugomvi wa wachungaji wa Abramu na wa Lutu, kwa muda wa mwezi mzima. Wiki mbili za kwanza kila upande ulijiona ni Abramu! Malisho hayakuongezeka, lakini mfugaji mmoja alianza kuandamana na mwanawe nyuma ya ng'ombe saa za jioni, wakati wanapopita kando ya mihogo ya watu.

Mtatuuliza yule mzee aliishia wapi. Hakuja kwenye kikundi kwa majuma kadhaa, na wengine walitulaumu kwamba tumempoteza mzee wa kanisa. Mchungaji alimtembelea mara nyingi, wakasoma wawili tu. Kisha siku moja alirudi, akakaa, hakusema neno. Msimu uliofuata, majirani wawili waliitwa, naye akiwepo, na mimea ya mpaka ikapandwa upya upande wa juu wa shamba. Upande wa bonde, ambako udongo ni mzuri zaidi, bado hawajakubaliana. Mjane anaendelea kuweka hisa zake, na sasa hakai tena karibu na mlango.

Tunaomba sasa mkae katika makundi kwa mitaa yenu. Fungueni Yoshua 17, mstari wa tatu na wa nne. Someni mara mbili kwa Kiswahili, kisha mmoja asimulie kwa Kihangaza, Kishubi, Kisukuma au lugha yoyote mnayosemea nyumbani, na asiwe mchungaji. Halafu mjadili swali moja: katika mtaa wetu, ni nani ambaye haki yake imekwisha kutamkwa lakini hajapewa? Jibu msituletee hapa mbele. Rudini nalo nyumbani.