Ufundi Bure, Vipuri kwa Fedha



Karakana yetu ya baiskeli haina fundi wa mshahara; tunajitolea kwa zamu. Mwenye baiskeli hulipia kipuri tu, na fedha hiyo hununua kipuri kinachofuata. Lakini mwanafunzi, au anayempeleka mgonjwa zahanati, hatumrudishi kwa kukosa fedha. Hapo ndipo mfuko wetu unapopungua.

Spoku moja ikikatika isipobadilishwa, nyingine hulegea, rimu hupinda, baiskeli hulazwa ndani, na mtoto huanza tena kutembea kwa miguu hadi shule.

Mikono tunayo. Tunawaomba mtuchangie spoku, tyubu, cheni na gundi ya viraka, ili mlango usifungwe.