Kituo Kisicho na Fungu: Fedha, Hongo na Uwajibikaji wa Polisi katika Jiji la Nairobi

Mada hii inachunguza uhusiano uliopo kati ya uhaba wa fedha, hongo na matumizi mabaya ya mamlaka katika utendakazi wa polisi wa Nairobi, hasa katikati ya jiji na katika mitaa ya magharibi, kuanzia Westlands na Kilimani hadi Kangemi na Kawangware. Mjadala wa hadhara kuhusu suala hili umezoea kugawanyika pande mbili, upande mmoja ukidai kwamba askari hupokea hongo kwa sababu mshahara wake ni duni, na wa pili ukidai kwamba anapokea kwa sababu hana maadili na dawa yake ni kufutwa kazi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pande zote mbili humtazama askari mmoja mmoja na kulipuuza jambo zito zaidi, yaani kituo chenyewe cha polisi, ambacho kwa miongo mingi kimeendeshwa bila fungu lake la fedha, hivi kwamba raia anayekiingia kutafuta msaada hugeuzwa kuwa mfadhili wake. Pesa inapoingia kituoni bila stakabadhi, hakuna awezaye kutenganisha ile ya mafuta ya gari na ile ya kuizima kesi, na mahali ambapo pesa haiandikwi, hata mtu aliyeingia akiwa mzima huweza kutoka maiti bila maandishi ya kuaminika.

Mahitaji ya kituo na mfuko wa mlalamishi

Katika fedha za umma, fungu ni kiasi kilichotengwa katika bajeti kwa kazi maalumu, na idhini ya matumizi ni mamlaka anayopewa afisa fulani ya kulitumia fungu hilo na kulitolea hesabu. Katika polisi wa Kenya idhini hiyo kwa kawaida imekuwa mikononi mwa ofisi za ngazi ya juu, ilhali mkuu wa kituo, anayefahamika kwa wote kama OCS, amekuwa akisubiri kuletewa mgao wa mafuta, karatasi na vifaa vingine bila kuwa na shilingi ya kukidhi dharura. Tangu mwaka 2013 serikali imekodisha magari mengi ya polisi kutoka kwa kampuni za kibinafsi, na hatua hiyo imeongeza magari barabarani, lakini gari bila mafuta ya kutosha halimfikii mtu anayevamiwa usiku.

Matokeo ya mpangilio huu huonekana kwenye kaunta. Mwanamke wa Kawangware aliyepigwa na mumewe, au mhudumu wa bodaboda aliyeibiwa pikipiki, huanza kwa kuandikisha taarifa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mkazi wa Nairobi hukiita OB, kisha hupewa nambari ya kumbukumbu. Aliyejeruhiwa huhitaji pia fomu ya P3, ambayo daktari huijaza ili majeraha yawe ushahidi mahakamani. Kisheria kuandikisha taarifa ni bure, na fomu hiyo hutolewa bure. Hata hivyo, mlalamishi huenda akaambiwa kwamba fomu zimeisha na aende akatoe nakala dukani, kwamba gari lipo ila halina mafuta ya kwenda kumkamata mshukiwa, au kwamba mpelelezi hana salio la kuwapigia simu mashahidi. Huenda kila moja ya kauli hizo ni ya kweli, na hapo ndipo ugumu wote ulipo, kwa kuwa askari anayesema kweli kuhusu mafuta na yule anayetafuta cha kutia mfukoni hutumia maneno yaleyale, na mlalamishi hana namna ya kuwatofautisha.

Mitaa ya magharibi inaliweka wazi zaidi tatizo hili kwa sababu matajiri na maskini wamepakana kwa barabara moja. Kituo cha Muthangari huhudumia wakazi wa Lavington wenye nyua za umeme na walinzi wa kampuni, na vilevile wapangaji wa vyumba vya mabati vya Kawangware. Wenye uwezo hununua usalama kwa njia za kando, wakiwemo walinzi wa kibinafsi, kengele za dharura, na vyama vya wakazi ambavyo mara nyingine huchangia ukarabati wa vituo au mafuta ya doria. Wachangiaji hao wana nia njema na hawastahili kulaumiwa, lakini athari ya mchango wao ni kwamba doria hufuata mchangiaji, na mtaa usiokuwa na chama chenye akaunti ya benki hubaki ukionana na polisi wakati wa msako tu.

Ijumaa jioni

Msako ndio mlango wa pili ambao pesa hupitia, na unastahili kuangaliwa kwa karibu kwa kuwa ndio unaowagusa vijana wengi zaidi. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi, ambapo hungojewa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kifungu hicho kiliandikwa kwa nia ya kumlinda mshukiwa, ila katika utendaji kimezaa kile ambacho Wakenya hukiita kamatakamata ya Ijumaa. Kijana anayekamatwa Ijumaa jioni anaposhuka matatu ya nambari 46 huko Kawangware, au ya nambari 23 huko Kangemi, anajua vyema kwamba mahakama ya Kibera haitamsikiliza kabla ya Jumatatu, kwamba mwajiri wake hatamsubiri, na kwamba kosa atakaloandikiwa, kama vile kuzurura au kuleta fujo, ni dogo kuliko hasara ya siku 3 korokoroni. Kinachouzwa hapo ni muda, na bei yake hupanda kadiri giza linavyoingia. Wengi wa wanaonaswa katika misako ya namna hiyo huachiliwa bila kufunguliwa mashtaka, na ni vigumu kuona ni usalama gani uliopatikana kwa kuwakamata.

Dhamana ya polisi nayo imepotoshwa kwa namna hiyohiyo. Dhamana ni ahadi au amana ya kumhakikishia askari kwamba mshukiwa atahudhuria mahakamani, na ikitolewa kwa fedha taslimu ni lazima iandikiwe stakabadhi na irejeshwe kesi ikimalizika. Jamaa wanaofika kituoni usiku mara nyingi hutoa pesa, mtu wao akaachiliwa, wasipewe karatasi yoyote, nao hushukuru kwa kudhani kwamba wamefuata sheria.

Ngazi ya kupandishia pesa

Tafiti za Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, pamoja na zile za shirika la Transparency International, zimewaweka polisi mwaka baada ya mwaka miongoni mwa taasisi zinazoongoza kwa kudai hongo nchini. Kinachozungumzwa kidogo ni mahali pesa hiyo inapoishia. Tume ya Kitaifa ya Huduma za Polisi ilipoanza kuwapiga msasa maafisa mnamo Desemba 2013, ikiongozwa na Johnston Kavuludi, ilidai taarifa za akaunti zao za benki na za M-Pesa, na kumbukumbu hizo zikafichua jambo ambalo madereva wa matatu walilijua zamani: maafisa wa trafiki walikuwa wakipitisha viwango vya pesa visivyolingana hata kidogo na mishahara yao, na baadhi yao wakituma kwa wakubwa wao mara kwa mara. Askari aliyepangwa kwenye barabara yenye mapato alikuwa, kwa maana hiyo, akilipia nafasi yake. Mfumo wa namna hii hauvunjwi kwa kumkamata konstebo mmoja akiwa na noti mkononi, kwa kuwa nafasi yake itajazwa na mwingine kabla ya jua kutua, naye atadaiwa kilekile.

Haimaanishi kwamba hali ya askari ni ya kupuuzwa. Kikosi kazi cha Jaji mstaafu Philip Ransley kilichowasilisha ripoti mwaka 2009, kikiwa na mapendekezo zaidi ya 200, kilikuta familia za polisi zikigawana chumba kimoja, pazia likiwa ndio ukuta kati ya ndoa moja na nyingine. Kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichokabidhi ripoti yake Novemba 2023, kilirejea masuala ya mishahara, makazi, afya ya akili na upandishaji vyeo, na nyongeza ya mishahara ya hadi asilimia 40 kwa awamu katika miaka 3 ikatangazwa. Nyongeza hiyo ni haki ya askari. Haiwezi, hata hivyo, kununua mafuta ya gari wala kumwondolea konstebo deni la kila wiki analodaiwa na mkubwa wake, na kwa sababu hiyo si sahihi kuitarajia peke yake ipunguze hongo.

Kwamba fedha na mpangilio mzuri huleta tofauti, Westlands na viunga vyake vinashuhudia. Magaidi walipovamia jengo la Westgate tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa katika mkasa uliodumu siku 4, polisi na wanajeshi wakifyatuliana risasi kwa kukosa uongozi mmoja. Walipovamia jengo la DusitD2 katika Riverside tarehe 15 Januari 2019, operesheni iliisha asubuhi iliyofuata na mamia ya watu wakatolewa salama, ingawa 21 walipoteza maisha. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati, bali ilitokana na mafunzo, vifaa na mfumo wa uongozi uliolipiwa. Inasikitisha kwamba uwekezaji uliofika kwenye vikosi maalumu haujashuka hadi kwenye kaunta ya Kangemi.

Kifo kituoni na maandishi yake

Uhusiano kati ya pesa isiyoandikwa na nguvu isiyohojiwa huonekana wazi zaidi katika Kituo Kikuu cha Polisi, Central, kilicho kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni katika eneo hilohilo ambapo, tarehe 16 Machi 1922, polisi wa kikoloni waliufyatulia risasi umati uliodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, wakaua zaidi ya watu 20. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, alifia mikononi mwa polisi wa kituo hicho. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba alijigonga kichwa ukutani, lakini upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini, na mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ikawaeleza maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Watu 6, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji na wakakanusha, na hatia yao ni ya mahakama kuamua.

IPOA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, baada ya tume ya Jaji Philip Waki kubaini kwamba kati ya watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, 405 walikufa kwa risasi. Uwezo wake si wa kubezwa. Wakili Willy Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa na dereva wao Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016, baada ya Mwendwa kumshtaki kwa IPOA afisa aliyempiga risasi, na Februari 2023 afisa huyo, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo. Lakini haki hiyo ilichukua karibu miaka 7, na hukumu za namna hiyo ni chache mno zikilinganishwa na malalamiko yanayopokewa. Sababu moja ni kwamba wapelelezi wa IPOA hufika baada ya polisi wenyewe kulinda eneo la tukio, kuchukua maganda ya risasi na kuandika OB.

Bunge lilipitisha mwaka 2017 Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, yaani maafisa huru wa kuchunguza kila kifo cha ghafla au cha mikononi mwa dola. Huduma hiyo haikuanzishwa. Mwaka 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipouawa kwa risasi katikati ya Nairobi, familia zao zilizunguka kati ya hospitali, chumba cha maiti na kituo cha polisi kutafuta karatasi ambazo sheria hiyo ingewapa afisa huru wa kuzitoa. Mapendekezo yanayotolewa hapa ni ya kifedha kwanza: kila mkuu wa kituo apewe fungu na idhini ya matumizi, kiasi cha mafuta kilichopokewa na kilichotumika kibandikwe ukutani kando ya kaunta kila mwezi, na dhamana yote ilipwe kwa njia ya kielektroniki yenye stakabadhi, kisha wachunguzi wa vifo watengewe fedha katika bajeti inayofuata, na ofisi yao ya kwanza iwe Nairobi.