Mgeni na Kura ya Mwenyeji

Wapendwa viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe,

Mmeniuliza mimi, Mnorwei niishiye kwenu, kama mgeni ana neno la kusema juu ya uchaguzi wa nchi isiyo yake.

Kwetu, tarehe 13 Agosti 1905, watu 368,208 walipiga kura ya kujitenga na Uswidi. Waliokataa ni 184 tu. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, wakakusanya saini zao zaidi ya laki mbili. Taifa lilijiamulia, lakini nusu yake ilibaki mlangoni ikibisha hodi.

Nanyi mnayo historia. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu, jirani na Kisarawe, alikwenda Umoja wa Mataifa Machi 1955 kutetea haki ya Tanganyika kujitawala. Hakuwaomba wageni wawachagulie viongozi; aliwaomba wasikilize. Hapa Kibaha, kituo cha elimu kilichojengwa kwa msaada wa nchi zetu za Nordiki kilikabidhiwa kwa serikali yenu mwaka 1970.

Basi mgeni na aseme kweli aonapo kura ikiibwa au mtu akiumizwa, kwa maana utu hauna mpaka. Lakini asiwachagulie, wala asitishie kwa misaada. Naye mwenyeji asijifiche nyuma ya neno "uhuru" ili kumnyima jirani yake sauti.

Mkirudi katika jumuiya zenu ndogondogo, ulizaneni: ni nani kati yetu angali anabisha hodi?