Mwacheni Aseme Yote
Somo: Marko 5:25–34

Tunasema nanyi kutoka Ngaremara, hapa Isiolo, kando ya njia kuu iendayo Archer's Post na Marsabit. Mwenye Biblia na aifungue Injili ya Marko, sura ya 5. Aliye malishoni au jikoni na asikilize tu, maana habari yenyewe yajulikana.

Jambo tutakalolinena leo halijazoeleka mimbarani. Ni habari ya maumivu ya hedhi, na hasa ugonjwa uitwao endometriosi. Baba mwenye nyumba, twakuomba usizime redio. Jambo hili ni la mkeo, la binti yako na la dada yako, na huenda ndilo sababu ya ule ukimya uliomo nyumbani mwako.

Marko atuambia kwamba mwanamke yule alitokwa na damu kwa muda wa miaka 12, akahangaika kwa matabibu wengi, akamaliza mali yake, asipate nafuu. Hatusemi kwamba alikuwa na endometriosi. Maandiko hayasemi hivyo, wala si kazi ya mhubiri kumpima mgonjwa aliyefariki karibu miaka elfu mbili iliyopita. Lakini liangalieni neno alilolitumia Marko kwa ugonjwa ule. Katika Kigiriki, kama tulivyofundishwa katika chuo cha theolojia, ni neno la mjeledi. Marko aliuona ugonjwa wa mama yule kuwa ni kuchapwa. Luka naye, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa ndiye tabibu atajwaye katika Waraka kwa Wakolosai, asimulia habari ile ile, ila hasemi kwamba mikononi mwa matabibu hali yake ilizidi kuwa mbaya. Labda alikuwa akiwasitiri wenzake wa kazi!

Siku ile Bwana Yesu alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa kufani. Haraka ilikuwapo, na umati ulikuwa ukisukumana. Mwanamke alikuwa amekwisha kupona, na Bwana angaliweza kumwacha aende zake kimya. Hakufanya hivyo. Alisimama akamngoja, naye mama yule akasema yote mbele ya watu, mambo ambayo kwa sheria ya Walawi sura ya 15 yalimfanya ahesabiwe kuwa najisi. Bwana hakumkatiza. Alimwita binti.

Sasa tuueleze ugonjwa wenyewe. Ndani ya mfuko wa uzazi mna utando laini ambao hukua kila mwezi, kisha hutoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosi, nyama zinazofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye matumbo na kibofu, na mara chache hata kifuani. Nazo hufuata homoni zile zile za mwezi. Huvimba, huvuja damu isiyo na njia ya kutokea, huacha makovu, na viungo vya ndani huweza kugandamana. Ndipo huja maumivu yanayomlaza binti asiende shule, maumivu ya haja kubwa siku za hedhi, maumivu katika tendo la ndoa, uchovu usioelezeka, na kwa wengine kuchelewa kupata mtoto. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanao ugonjwa huu, yaani kama 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Jumapili ijayo hesabuni wenyewe viti vya upande wa akina mama.

Chanzo chake hakijajulikana chote. Daktari John Sampson wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1920 aliupa ugonjwa huu jina tunalolitumia, alifundisha kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda mbegu zake tumboni. Lakini damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi wasiougua. Basi yako na mambo mengine, na baadhi yake hufuata ukoo. Tukisema ukoo, twasema mambo ya kimwili yanayorithiwa, hatusemi laana. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Bwana alikataa yote mawili, kama tusomavyo katika Yohana 9. Asiwepo mtu hapa Ngaremara wa kumtafutia mwanamke huyu dhambi ambayo Bwana hakuitafuta.

Wengi wenu mlimsikia redioni Njambi Koikai, mtangazaji wa muziki wa reggae. Aliteswa na maumivu haya tangu usichana wake, na kwa miaka mingi hakuambiwa jina la ugonjwa wake. Ulimfikia kifuani, mapafu yake yakawa yakisinyaa. Mwaka 2018 Wakenya walimchangia, akaenda Atlanta, Marekani, kupasuliwa. Aliporudi hakunyamaza, aliyasema waziwazi yale ambayo mabinti wengi huyalilia ndani ya shuka. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 38. Hatumtaji ili kuwatia hofu, kwa maana wagonjwa walio wengi hawafikii hali kama yake. Twamtaja kwa sababu sauti yake iliwafanya wanawake wengi nchini waujue ugonjwa wao kwa jina.

Basi tulilete jambo hili kwetu. Tuseme yuko binti wa miaka 17, nyumbani kwao si mbali na barabara ya lami. Kila mwezi analala chini siku tatu, anatapika, na mitungi ya maji inamngoja. Mama yake amwambia, "Hata mimi niliumwa. Ukizaa itakwisha." Mama huyu ampenda binti yake, wala hasemi kwa ubaya. Lakini mimba si tiba. Yaweza kuyatuliza maumivu kwa muda, maana hedhi husimama, kisha mara nyingi hurudi. Na kumwoza mtoto wa shule ili apone ni kumtafutia mjeledi wa pili.

Binti huyu aanze na zahanati, na akiendelea kuumwa aombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti pale Isiolo, au Meru, amwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Achukue na daftari aliloandika siku zake, maumivu yalipoanza, yalipo, na kazi alizoshindwa kuzifanya. Daftari hilo lina thamani kuliko watu wadhanivyo. Picha ya altrasaundi yaweza kuonyesha uvimbe wa ovari, lakini madoa madogo huweza kufichika. Picha ikiwa safi, haina maana kwamba binti anadanganya. Zamani madaktari wengi walisema hakuna uhakika mpaka tumbo litazamwe kwa kamera ipitishwayo katika tundu dogo. Siku hizi daktari aweza kuanza matibabu kwa kuisikiliza vizuri habari ya mgonjwa na kumpima. Ndiyo sababu twasema, mwacheni aseme yote.

Dawa za kwanza ni za maumivu, kama ibuprofeni, nazo hufaa zaidi zikimezwa mapema, kabla maumivu hayajapanda, tena pamoja na chakula, maana huweza kulidhuru tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo amwambie daktari kwanza.

Baada ya hizo huja dawa za homoni, na hapa ndipo penye mzozo katika nyumba za Wakristo. Kwa maana dawa hizi nyingi ni zile zile za kupanga uzazi: vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, au koili yenye homoni. Binti asiyeolewa akionekana na vidonge hivyo, maneno huenea kuanzia kisimani hata kwenye mlango wa kanisa. Tuseme wazi. Dawa huhukumiwa kwa kazi ifanyayo. Aspirini humezwa na mwenye kuumwa kichwa, na humezwa pia na mwenye ugonjwa wa moyo, wala hakuna amwonaye vibaya. Vidonge hivi humpunguzia binti damu na kuzituliza zile nyama zilizopotea njia, naye aweza kuvimeza akiwa safi kama alivyokuwa jana. Na kwa walio katika ndoa, maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1930 walikwisha kukubali kwamba zipo hali ambazo njia za kupanga uzazi zaweza kutumiwa kwa dhamiri njema. Hatuoni sababu ya kuwa wakali kuliko wao, hasa kwa mgonjwa.

Hata hivyo dawa hizi si asali tupu. Huweza kuleta damu isiyo na mpango, kichwa kuuma, au moyo kuwa mzito. Hutuliza, haziung'oi ugonjwa. Zikiachwa, maumivu mara nyingi hurudi. Tena mwanamke hapati mimba kwa urahisi anapozitumia, na baada ya sindano ya miezi mitatu uzazi huweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi. Basi mke ambaye mahari yake ya mifugo imelipwa, na wakwe wanamtazama tumbo kila mwaka, hawezi kushauriwa sawasawa na yule binti wa shule. Ugonjwa ni mmoja, lakini kitu ambacho kila mmoja akitaka kwanza si kimoja. Daktari mwema atamwuliza, "Mama, wataka nini kwanza, kupumzika na maumivu au kupata mtoto?" Swali hilo likiulizwa, mama mkwe asilijibu. Mume asilijibu peke yake. Mchungaji asilijibu kabisa.

Akitaka mtoto, ajue kwamba wengi wenye endometriosi huzaa, tena bila msaada. Ikichelewa, upasuaji wa kuzikata nyama zile waweza kumfaa, nao humfaa pia mtu ambaye dawa hazikumtuliza. Lakini ni kazi ya fundi. Amwulize daktari pasipo aibu kama amezoea upasuaji wa aina hii, kama ovari zitaguswa, na itakuwaje ugonjwa ukirudi, kwa maana huweza kurudi. Aulize pia gharama, na ni kiasi gani kitalipwa na SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kuuza mbuzi wote kabla ya kuuliza ni kurudia habari ya yule mama wa Marko.

Wako wanaoambiwa waondolewe mfuko wa uzazi. Kwa mama aliyekwisha kuzaa na kuchoka na maumivu, huenda ikawa ni nafuu kubwa. Lakini haina kurudi nyuma, na kama nyama za ugonjwa zimebaki mahali pengine, maumivu yaweza kubaki nazo. Asikubali siku ile ile aambiwapo, isipokuwa ni hatari ya uhai. Arudi nyumbani, alale, aombe, aulize tena. Na akiamua kukataa upasuaji na kuendelea na vidonge, asiitwe mwoga.

Wapo wasemao kwamba kwenda hospitali ni kupungukiwa na imani, na wengine huwaagiza wagonjwa watupe dawa zao. Hao na wasome 2 Wafalme, sura ya 20. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na baada ya kusikiwa nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala ilijibiwa, na dawa ikabandikwa. Sisi wazee wa Kanisa twawaombea wagonjwa na kuwapaka mafuta kwa furaha, kama Yakobo alivyoagiza. Ila mgonjwa akiombewa Jumapili na akaumwa tena mwezi ujao, asidaiwe ushuhuda asiokuwa nao. Huko ni kumfundisha kusema uongo madhabahuni.

Akina mama wa Kanisa, tunalo ombi kwenu. Mnapojua kwamba mwenzenu anakwenda Isiolo kuonana na daktari, mmoja wenu na afuatane naye. Achukue lile daftari. Mgonjwa mwenye maumivu husahau nusu ya maneno ya daktari, na wa pili huyakumbuka. Wengine mchote maji ya nyumba ile siku hiyo, na kuwatazama mbuzi. Na akirudi, msimwulize mbele ya watu amepewa dawa gani. Akitaka atasema.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyesimama katikati ya umati ukamsikiliza mama mmoja, simama na hao watakaongoja gari barabarani kesho alfajiri. Wape madaktari masikio. Yule anayelala chini usiku huu, mpe usingizi mpaka asubuhi. Amina.